Rangi Isiyoitika

"Mkono wangu haumjui adui." Tusekile aliwaambia wateja maneno hayo kila asubuhi, hata wale waliokuja kuulizia choo tu. "Akija rafiki, namng'arisha. Akija mwizi wa kuku wangu, namng'arisha vilevile. Hasira naiacha nje na viatu."

Viatu kweli aliviacha nje. Karakana yake ya rangi pale Makambako, upande wa barabara ya Njombe, ilikuwa safi kuliko sebule za watu wengi, maana vumbi na rangi mbichi hazijawahi kupatana. Ukiingia ulipewa ndala za plastiki, zote za mguu wa kushoto, ili usije ukazipenda ukaondoka nazo.

Majigambo hayo yalikufa siku moja kabla chai haijapoa. Pikipiki kubwa ya safari ndefu iliingia uani, mota yake ya umeme ikiguna kama mtu aliyeshiba. Mwenye nayo akavua kofia ngumu, na Tusekile akaona upara ambao angeutambua hata gizani.

Shikamoo ilimtoka kama jino.

"Marahaba, mwanangu," akasema Bwana Ezron Chaula. "Nilidhani umenisahau."

"Nani atakusahau, mzee. Hata wanaojitahidi wanashindwa."

Chaula akacheka, kwa sababu alikuwa mtu wa kucheka na kila jambo lisilomgusa. Akafungua kamba za mzigo wake na kupanga vitu juu ya turubai: kava jipya la mbele, pana, lenye mabega, kioo kirefu cha kukinga upepo, masanduku mawili ya pembeni, hata tairi la mbele lilikuwa na kava lake. Vyote vilikuwa plastiki nyeupe, havijapakwa chochote.

"Naitaka yote iwe damu ya mzee," alisema. "Na mstari mwembamba wa dhahabu, kutoka taa ya mbele mpaka nyuma. Jumamosi chama chetu cha waendeshaji kinaitoa ndani, halafu naiendesha mwenyewe mpaka Mbeya."

"Mbeya hakuna mafundi wa rangi?"

"Wamejaa." Akashusha sauti kama mchungaji aliyekuja kutembelea mgonjwa. "Lakini nimekufikiria sana, binti. Yale ya mdogo wako. Watu bado wanakunyooshea kidole, na si vizuri, wewe bado kijana. Wakiniona mimi, Chaula, nimepanda rangi yako, watajua nimekusamehe."

Tusekile alikuwa ameshika kikombe. Akakiweka chini polepole sana, kwa sababu sehemu nyingine pekee aliyofikiria kukiweka ilikuwa juu ya ule upara.

"Acha ufunguo," akasema. "Nitakupaka kwa moyo wote."

*

Malori ya njia kuu yaliacha kuwa na madereva tangu Tusekile yuko darasa la pili. Yanatoka bandarini mpaka Tunduma yenyewe, yamefuatana kama siafu, hayali, hayalali, hayatukani mtu. Ila lori haliamini macho yake peke yake, na kwa ukungu wa nyanda hizi za juu lina haki. Kwa hiyo linaita. Linatoa mlio ambao sikio la mtu haliupati, na rangi ya kila chombo kilichoko mbele huitika. Ndani ya rangi zimo chembe, laini kuliko unga wa sembe, zinazopokea mlio na kuurudisha. Rangi ikiitika, lori linajua hapa kuna mtu, linapisha. Isipoitika, basi kwa hesabu za lori mbele kuna ukungu mtupu, na hakuna anayeupisha ukungu.

Rangi isiyoitika mafundi huiita bubu. Kuipaka ni kosa la jinai, na watu hulisema jina lake kwa kunong'ona, hata wakiwa peke yao.

Gwamaka, mdogo wake, alipomaliza kidato cha nne, alijinunulia kava la mbele dukani kwa Chaula, limeshapakwa, lina nembo ya kuonyesha kwamba linaitika. Tusekile alichoongeza ni zawadi tu: korongo mmoja mweupe aliyekunjua mbawa, na vanishi juu yake. Wiki hiyohiyo, asubuhi ya ukungu, lori lilimpita Gwamaka kama vile hayupo. Lilichukua miguu yote miwili, chini ya magoti, wala halikusimama, kwa kuwa kwa upande wake halikuwa limegonga kitu.

Kamati iliundwa. Chaula alifika amevaa tai na akaeleza, kwa masikitiko mengi, kwamba bidhaa yake ilikuwa nzima, ila yule binti aliiziba kwa vanishi. Tusekile alisema vanishi haizibi chochote, wapime vipande vya kava wenyewe. Wakakubali kupima. Walipokwenda kuvichukua, vilikuwa vimeshayeyushwa pamoja na takataka nyingine za plastiki, na hakuna aliyejua nani alitoa amri. Tusekile akafungiwa karakana mwaka mzima. Sokoni kina mama walikuwa wakinyamaza akipita.

Mtu mmoja tu hakuwahi kunyamaza. "Si dada," Gwamaka aliwaambia wote, kuanzia kitanda cha hospitali. "Dada angenipaka bubu? Mimi? Acheni upuuzi." Aliwahi hata kumrushia mtu mguu wake wa chuma kwenye kilabu cha pombe, na mguu ukabaki huko siku mbili.

Jioni ya siku ilipoletwa pikipiki, Tusekile alimkuta barazani ametoa miguu, anaipaka mafuta kwenye viungo. Alikuwa ametoka kazini kituo cha betri, kwenye njia panda. Malori husimama pale kubadilishiwa betri, na kazi ya Gwamaka ni kupanda ngazi na kuyafuta macho. Watu wengi waliona ni kazi ya ajabu kwa mtu kama yeye. Yeye alisema ni vizuri yakimwona kwa karibu, labda yatamkumbuka.

"Chaula alikuja," Tusekile akamwambia.

"Kufanya nini?"

"Kunisamehe."

Gwamaka alicheka mpaka chai ikamtokea puani. Alipopata pumzi akajifuta na kusema, "Mpake, dada. Mpake hiyo pikipiki ing'ae mpaka aone haya."

"Nitampaka," akasema Tusekile.

*

Kazi ya mwanzo ilikuwa ya mikono tu, na mikono yake aliipenda. Alivua makava ya zamani, akajaribisha mapya, akayakwangua yalipogusana, akafunga skrubu na kuzifungua tena. Bega la kulia la kava la mbele lilikuwa limepinda kidogo. Akalipasha moto kwa hewa na kulirudisha taratibu, kama mtu anayemnyooshea mtoto shati. Akapiga msasa, akafuta, akapiga praima, ile rangi ya chini. Mchana kutwa geti lilikuwa limefungwa kuzuia vumbi, na redio ilikuwa ikiimba kwaya. Kwa muda wote huo hakuna aliyekuwa ametendewa ubaya wowote duniani. Kulikuwa na pikipiki nzuri, na fundi mzuri.

Halafu akafika kwenye rangi.

Damu ya mzee ilikuwa kwenye ndoo, imeshakorogwa, nzito, inateleza. Pembeni yake ilikaa chupa ya chembe. Ukizimimina na kukoroga, rangi haibadiliki hata kidogo. Si kwa jicho, si kwa harufu, wala kwa kidole. Hilo ndilo jambo alilolisema mbele ya kamati na hawakumwelewa: rangi bubu haina alama usoni. Unaijua tu pale lori lisipokuona.

Alifungua kifuniko cha chupa. Akakifunga. Akatoka nje, akapiga mswaki ingawa ilikuwa saa nane mchana, akarudi.

"Kosa lenyewe si kufanya kitu," alimwambia kompresa, ambaye alikuwa msikilizaji wake mzuri. "Ni kuacha kufanya. Naacha tu. Watu wangapi wanaacha vitu kila siku?"

Kompresa akatetemeka na kunyamaza.

Alifikiria barabara ya Mbeya. Alifikiria Chaula peke yake juu ya kiti, kifua mbele, mstari wa dhahabu ukimeta, na nyuma yake lori linaita, linaita, halijibiwi. Alijaribu kulitazama lile lililofuata na akili yake ikageuza uso. Basi akairudisha kwa nguvu, akaliangalia. Akaona magoti. Hayakuwa ya Chaula. Yalikuwa ya kijana wa kidato cha nne, kwenye shuka la hospitali, na daktari akieleza jambo kwa maneno marefu.

Simu iliyokuwa juu ya meza ikawaka. Ujumbe wa sauti, kwenye kundi la chama cha waendeshaji, kutoka kwa Chaula: "Ndugu zangu, nimempa kazi yule binti wa Mwambola. Ndiyo, yuleyule. Tusiwe watu wa kuweka mambo moyoni." Chini yake watu walikuwa wamemimina picha za mikono ya kusifu.

Tusekile akachukua bunduki ya rangi, akaijaza, na kuanza kupuliza. Chupa ya chembe ilibaki imefungwa.

Tangi peke yake, jina la zamani ambalo sanduku la betri limebaki nalo, alilipaka rangi inayoitika. Kabla ya kukabidhi chombo, kifaa cha kupimia huguswa kwenye tangi, kwa sababu tangi ndilo linalopigwa picha na kila mtu hupenda kuonekana kwenye picha. Tangi lingelia vizuri pale karakana. Barabarani, kwa lori linalokuja kwa kasi, jibu dogo la tangi, lililofichwa kati ya magoti ya mtu, ni sawa na mnong'ono kwenye harusi.

Mstari wa dhahabu aliuvuta kwa mkono, bila kubandika utepe. Haukutetemeka popote. Hilo lilimuumiza kidogo. Alikuwa ametegemea utetemeke.

*

Rangi ya pikipiki ya safari, huku, hukaa ndani kama mwali. Hufunikwa kanga mpaka ikomae, na mwenyewe haruhusiwi kuifunua. Siku ya kuitoa, chama chote huja na matarumbeta. Na hapo ndipo Tusekile alipokuwa amesahau jambo, kwa kuwa tangu miguu ya Gwamaka iondoke alikuwa haendi tena kwenye sherehe zao: mwenye pikipiki hasafiri nayo mara ya kwanza. Huisubiri mbele ya safari kama bwana harusi. Anayeipanda ni mtu mwingine, yule ambaye hajaanguka tangu mwaka uanze.

Kifaa kilikuwa kimeshaguswa kwenye tangi na kulia. Kina mama walikuwa wameshapiga vigelegele. Kanga ikavutwa, watu wakavuta pumzi, na Skola Nyagawa akajitokeza akivaa glavu.

Skola muuza maziwa. Mtu aliyekuwa akimletea Gwamaka mtindi hospitalini na kukataa kabisa kusikia habari ya malipo.

"Wewe?" Tusekile akauliza.

"Mimi. Mwaka huu sijadondoka hata kwenye tope. Unashangaa nini, umeona mzimu?" Skola alizunguka pikipiki, akapiga mluzi. "Tuse, wewe ni mshenzi. Hii si rangi, hii ni dhambi. Lete ufunguo."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Ametangulia kituo cha betri na kamera yake. Tunampelekea pale. Lete ufunguo, wenzangu wanaganda na baridi."

Kutoka karakana hadi kituo ilikuwa safari fupi: unapanda mpaka njia kuu, unafuata ukingo wa njia ya malori, unakata kuingia kituoni. Fupi sana. Tusekile alijaribu kuifupisha zaidi kichwani na haikukubali.

Angeweza kusema. Sentensi moja ingetosha: haijakauka, nisubirini kesho. Lakini kesho Chaula angekuja na fundi mwingine kukagua kilichochelewa, na yote yangeishia pale, na yeye angebaki yule binti aliyesamehewa.

"Leo naitoa mimi," akasema.

"Wewe hujapanda pikipiki mwaka wa ngapi huu?"

"Ndiyo maana sijaanguka."

Watu wakacheka. Hoja ilikuwa na mantiki, na Skola alikuwa mtu wa kushindwa vizuri. Akamvalisha kofia yake mwenyewe, akambana mashavu. "Haya, bibi harusi. Sisi tuko nyuma yako."

*

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa paa za nyumba. Pikipiki ilikwenda kama inavyokwenda ndoto ya tajiri: kava pana likipasua upepo, kioo kikimfunika, kiti kikimbeba. Nyuma yake matarumbeta. Tusekile alibana ukingo kabisa, karibu na majani, na kujiambia maneno ambayo watu hujiambia: karibu tu, karibu tu, kona ile.

Lori lilikuja kutoka nyuma, upande wa Iringa. Alilisikia kabla ya kuliona. Kwenye kioo cha pembeni akaona likiupita msafara, na kila lilipojibiwa likapepesa taa zake mbili za juu, kushoto na kulia, ile wanayoiita kukonyeza. Likamkonyeza wa mwisho. Likamkonyeza mpiga tarumbeta. Likamkonyeza Skola, na Skola akalipungia mkono kama kawaida yake.

Kisha likafika kwake, na taa zikabaki zimetulia.

Halikuwa na haraka wala ubaya. Lilikuwa linataka betri, na njia ya kuingilia kituoni ilikuwa mahali alipokuwepo yeye. Likaanza kusogea kushoto. Ukuta wa chuma ulio mrefu kuliko nyumba ulimjia kwa utaratibu, kama mlango unaofungwa na mtu asiyejua kuna kidole. Tusekile alipiga honi. Alipiga kelele jina la mama yake. Tairi la kwanza lilipita karibu mno na goti lake hata akahisi joto lake kwenye suruali, ndipo akaitupa pikipiki nje ya lami, kwenye kokoto, ikayumba, ikayumba tena, ikapita katikati ya nguzo mbili za alama na kurudi barabarani nyuma ya lori.

Nyuma vigelegele vikapasuka. Walidhani anawaonyesha ufundi.

*

Aliingia kituoni na kusimama. Miguu yake ilikuwapo yote. Akachomoa ufunguo. Chaula alikuwa pale, kamera shingoni, mikono imetanuliwa.

"Mwanangu," akasema, na macho yake yalikuwa na machozi ya kweli, jambo lililomkera zaidi. "Sijawahi kuona kitu kama hiki. Kweli sijawahi." Akapitisha kiganja juu ya mstari wa dhahabu. "Naomba ufunguo. Nataka niwahi Mbeya kabla ukungu haujazidi."

Ufunguo ulikuwa kwenye ngumi yake. Tusekile aliuhisi ukimchoma. Sasa alijua joto la tairi lilivyo, alijua mtu anamwita nani pale mwishoni. Angedhani kujua huko kungeifungua ngumi na kuutupa ufunguo shimoni. Lakini alimtazama Chaula akipanga glavu zake vidole kwa vidole, na ikamjia tu kwamba na yeye anastahili kulijua joto hilo. Akanyoosha mkono.

"Dada."

Gwamaka alikuwa ameshuka ngazi ya lori lile lililoingia mbele ya Tusekile. Ndoo mkono mmoja, kitambaa kinachotiririka mkono mwingine. Alikuja polepole kwenye sakafu yenye maji, miguu ya chuma ikigonga.

"Umeniona, mdogo wangu?" Tusekile akaanza mbiombio. "Umeona nilivyoikata ile kona? Skola atalala njaa kwa wivu."

"Nilikuwa juu ya ngazi ya lori lingine. Nimeona msafara wote." Alisimama kando ya pikipiki. "Limewakonyeza wote. Wewe halikukukonyeza."

"Labda lilikuwa na usingizi."

"Macho yake nimetoka kuyafuta sasa hivi. Ni mazima."

Aliweka ndoo chini. Akaweka kiganja chenye maji juu ya bega la kava, akakiacha pale, kama unavyompima mtu homa. Akamwangalia Chaula, aliyekuwa akihangaika na kamba ya kofia na hasikii. Kisha akamwangalia dada yake, na akaangalia ule mkono ulionyooshwa wenye ufunguo.

Tusekile alimngojea apige kelele. Kwa kelele alikuwa na majibu.

"Nimegombana na watu," Gwamaka akasema, taratibu, kama mtu anayejikumbusha. "Nimegombana na mjomba. Miaka yote nawaambia dada hawezi. Kwamba hata hajui rangi ile inavyopakwa."

"Jamani, ufunguo," Chaula akasema kutoka nyuma yao.

Gwamaka hakugeuka. Maji yalikuwa yakishuka kwenye kava kutoka chini ya kiganja chake, juu ya damu ya mzee iliyong'aa bila doa.

"Na langu, dada?" akauliza. "Kava langu ulilipaka nini?"

Tusekile alikuwa na jibu, korongo na vanishi tu, tena la kweli kabisa, na alijua litakavyosikika sasa.